R Yenye Kofia

Alinijia na suruali moja na maneno matatu:
zipu, tafadhali, Jumanne.
Kiingereza chetu, sote wawili, ni cha kuazima,
hulegea kiunoni, hutaka mkanda.

Jina: Květa Řeháková.
R yake huvaa kofia, na ukiitamka sawasawa
ulimi hutetema kama sindano juu ya dengrizi mbili.
Nilijaribu mara nne. Ya tano tukaangua kicheko.
Acha, akasema, hata kwetu Brno watoto
hupelekwa kwa daktari kwa ajili yake.

Kisha akaona kopo langu la vifungo
akanisahau.

Huu ni mji wa Cedar Rapids, Iowa.
Asubuhi hunuka uji, kiwanda cha shayiri kikiamka,
na ng'ambo ya mto upo mtaa wa Wacheki wa zamani,
vitukuu waliobakiza katika lugha ya babu zao
jina la mkate mtamu na tusi moja.
Wao ndio waliomwalika.
Walitaka mayai ya Pasaka yenye maua mekundu.

Yeye alianza na vikaragosi vya mbao,
miaka tisa akipaka rangi pua tu:
pua za wafalme, pua za wachawi.
Siku moja akampa shetani pua ya bomba la sinki
wakamfukuza.
Wasifu wake kwenye kadi za maonyesho
huanzia hapo hapo: Alifukuzwa kwa ajili ya pua.
Mengine husimulia akiwa na pini mdomoni:
alikagua tiketi kwenye tramu,
akazishona zilizotoboka kuwa koti,
koti likanunuliwa na daktari wa meno
ambaye hulivaa, asema, akienda kudai madeni.

Humu mjini huokota.
Vitasa vilivyoachwa na mafuriko,
funguo zilizofiwa na milango yao.
Kwanza hupaka rangi kama mtu mwenye adabu,
anga, kilima, ng'ombe wawili,
halafu hugongomelea kijiko katikati ya anga
na kurudi nyuma hatua mbili
kutazama kama anga limekasirika.

Kuku wake nilimwona kabla ya wengine.
Nami, ambaye sijatunga tangu shuleni,
nikajikuta nahesabu mizani kwa vidole:

Kuku wa futi ya nguo, macho yake ni vijiko,
mkia ni ufunguo, kifua chake mfuko,
hajasoma hata chuo, lakini ana kicheko,
ataga bila kituo, na kila yai kituko.

Akataka niyaandike. Kwenye nini? Kwenye risiti.
Akaibandika chini ya tumbo la kuku,
mahali ambapo hakuna atakayeinama kusoma.

Usiku wa ufunguzi Bwana Delmar Vondracek,
tai shingoni, chupa ya bia mkononi,
alisimama mbele ya kuku muda mrefu mno.
Mjukuu wangu, akasema, angeweza kufanya hivi.
Květa akamshika kiwiko:
Mlete kesho. Gundi ninayo.
(Alimletea. Huja kila Jumamosi. Ana miaka sita
na mkono mzito kwa misumari.)

Mimi nilikuwa pembeni, nikitazama picha ndogo,
herufi moja tu, R, rangi ya haradali,
na juu yake, imeinamia sikio moja,
kastabini.
Yangu. Yenye jeraha la sindano ya mwaka juzi.
Nilikuwa nimepindua duka zima nikiitafuta,
nimemsingizia paka.
Bei: dola mia nane na hamsini.

Sikusema neno. Nilirudi dukani,
nikawasha taa, nikatoa ile suruali,
nikamtilia zipu juu chini,
ifunguke kutoka huku isikotarajiwa,
nikafunga kazi kwa mishono mitatu ya nguvu.

Jumanne akaijaribu nyuma ya pazia.
Kimya.
Kisha kicheko kile cha kuku asiye na chuo,
kisha sauti: Bei gani?
Nami, ulimi ukitetema barabara kwa mara ya kwanza:
Bi Řeháková, mia nane na hamsini.